Mhunzi wa Chumba cha Nyuma

Siku ile ya vijana kanisani kwetu hapa Missouri City, Texas, wauguzi walieleza kazi yao, watu wa kompyuta wakaeleza yao, kisha mshereheshaji akanikaribisha kama "bibi yetu aliyekuwa akifanya kazi makumbusho." Sijawahi kufanya kazi makumbusho. Nilishika kipaza sauti nikasema nilikuwa nachambua takataka za Warumi, mkacheka, na kabla sijaendelea kwaya ilikuwa imeshasimama. Mlangoni binti mmoja akaniuliza kwa Kiingereza kama niliwahi kuokota dhahabu. Nilipomwambia hapana, alinionea huruma waziwazi. Basi sasa nimestaafu, muda ninao, na hapa nilipo hakuna kwaya, kwa hiyo leo mtanisikiliza mpaka mwisho.

Jina langu Agripina. Kwetu Mahenge hilo ni jina la kawaida, la ubatizo, na kila ukoo una Agripina wake mmoja au wawili. Lakini kule Tunisia, tulikokuwa tukichimba kila kiangazi, kulikuwa na Mwitaliano aliyeamini kabisa kwamba nimejipachika jina la kifalme la Kirumi ili nipate ajira. Nilimwacha aamini hivyo, maana alikuwa akinipisha kwenye kivuli.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna miji Warumi waliijenga ikaishi, ikafa, ikafunikwa na udongo. Wengine wanaichimba watafute sanamu na majumba. Sisi tulitaka kujua watu wa kawaida wa mji ule walipataje riziki: nani alifinyanga vyungu, nani alitia nguo rangi, nani alifua chuma, na kila mmoja alifanyia wapi. Majira ya joto tulikuwa kule, miezi iliyobaki tulikuwa kwenye maabara ya chuo kimoja huko Richardson, kando ya Dallas, chumba kisicho na dirisha, tukiosha na kupanga vitu ambavyo mama zenu wangevifagia.

Mtaniuliza, hiyo "wapi" ina maana gani? Ina maana kubwa sana. Hapa Missouri City ukifungua injini ya gari mbele ya nyumba yako, chama cha wenye nyumba kinakuandikia barua. Nenda Alief, mtaa wa Houston, mwendo mfupi tu kwa gari, utakuta chumba kimoja wanasuka nywele, wanauza unga wa muhogo na kutuma pesa nyumbani, na nyuma ya pazia kuna mtu anarekebisha simu. Ukijua mhunzi wa Kirumi aliwekwa mtaa gani, unajua tajiri wa mji ule alikubali kusikia nyundo ya jirani yake au alimfukuzia nje ya ukuta. Hapo umeshaanza kuujua mji.

Aliyenifundisha alikuwa Profesa Colby, mzee mrefu wa Texas magharibi, aliyechimba huku amevaa buti za kuchungia ng'ombe. Somo lake la kwanza lilikuwa kuramba. Kipande cheupe kikikusumbua, hujui ni mfupa au jiwe, kiguse kwa ncha ya ulimi: mfupa mkuukuu unanata, jiwe halinati. Ni kweli, na wachimbaji wa dunia nzima wanafanya hivyo, ingawa hawawaambii wake zao. Wiki yangu ya kwanza niliramba kila kitu kwa bidii, hadi nikaramba kinyesi kikavu cha mbuzi ambaye hakuwa Mrumi hata kidogo. Profesa alinipa maji, akaniambia sasa nimekuwa mwenzao.

Naye alikuwa na yake. Kwa misimu kadhaa aliwaambia wageni kwamba chumba fulani kando ya barabara kilikuwa cha mchongaji wa mifupa, kwa sababu kilijaa mifupa. Aliwaonyesha mahali mchongaji alipoketi. Siku moja tukaanza kuiangalia ile mifupa mmoja mmoja, na hatukuona hata mmoja wenye alama ya msumeno. Yote ilikuwa imepasuliwa tu ili kutolewa uboho. Kilikuwa chumba cha supu. Profesa alicheka hadi akavua kofia, kisha akaandika makala nyingine ya kujisahihisha, na tangu hapo kila mgeni aliyekuja alimpeleka pale kwanza amweleze alivyokosea.

Ndiyo maana alikuwa mkali sana juu ya jambo moja ambalo sasa nawaachia na nyinyi. Warumi hawakutupa takataka hovyo. Mtu akitaka kuinua sakafu ya nyumba yake, alinunua kifusi, na kifusi kilitoka popote: vigae vya mfinyanzi wa mtaa wa pili, majivu ya bafu la umma, mavi ya chuma ya mhunzi aliyekaa ng'ambo ya mji. Mavi ya chuma, mkitaka kujua, ni yale mabonge meusi yenye matundu yanayobaki chuma kikichomwa na kufuliwa. Kwenye ripoti tuliyaita kwa jina la adabu. Kwa hiyo ukikuta rundo la mabonge hayo chumbani, usikimbilie kusema hapa palikuwa na karakana. Mabonge yanabebeka kwa toroli, na mengi yalibebwa.

Kisichobebeka ni kidogo. Mhunzi akipiga chuma chekundu, vinaruka vigamba vyembamba, vidogo kuliko punje ya mtama, vinaangukia sakafuni, vinakanyagwa, vinazama. Afagie asubuhi na jioni, hatavimaliza. Sisi tukichimba sakafu tulikuwa tukiigawa miraba, na kila mraba tunachukua udongo wake kwenye mfuko. Maabarani tunauosha kwenye chekeche laini, tunaukausha, tunapitisha sumaku. Na sumaku uivalishe mfuko wa plastiki kwanza, tafadhalini. Ukiipitisha tupu, vigamba vinaing'ang'ania na utavikwangua hadi uzeeke. Ukiivalisha, unavua mfuko juu ya karatasi na vyote vinadondoka. Halafu unaangalia kwa hadubini, maana kuna mchanga wa asili unaovutwa na sumaku pia. Kigamba cha mhunzi ni bapa na kina mng'ao wa kijivu. Siku hizi kuna mashine unaishika mkononi kama bastola, unailenga kwenye jiwe, inakutajia madini yake. Ni nzuri, nimeitumia. Lakini haiwezi kukuambia kama jiwe lilifika pale kwa toroli.

Hayo yote nimeyasema ili mwelewe habari ya Furaha.

Furaha leo ana wanafunzi wake mwenyewe, ila wakati huo alikuwa ndiye mwanafunzi, anamalizia tasnifu ya udaktari. Alizaliwa Uvira, Kongo, akaja hapa mdogo kama mkimbizi, akakulia Alief. Mama yake ni fundi cherehani, ana kiduka chake pale Alief, na kwa ile cherehani alimlea na kumsomesha peke yake. Furaha alikuwa na akili na kichwa kigumu, na mimi nilimpenda kwa yote mawili. Kwa muda mrefu tulikuwa Waswahili wawili tu katika maabara ile, tukiteta watu mbele yao.

Tasnifu yake ilisimama juu ya nyumba moja ya kitajiri katika mji wetu. Kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ile kulikuwa na mabonge tele ya mavi ya chuma. Furaha aliandika kwamba mhunzi alifanya kazi mle, ndani ya nyumba ya bwana mkubwa, na kwamba kwa hiyo tajiri na fundi waliishi chini ya paa moja. Ilikuwa sura nzuri sana. Wasimamizi waliipenda. Na chuo kimoja cha Houston, karibu kabisa na kwa mama yake, kilikuwa kimeshamwahidi kazi ya kufundisha, mradi awe ametetea tasnifu kabla ya muhula mpya. Kanisa lao lilikuwa limeshapanga sherehe. Mama alikuwa ameshanunua kitenge cha sare na anashona.

Profesa Colby alikuwa ameshastaafu, kwa hiyo aliyebaki kuuliza swali lake ni mimi. Nikamwambia Furaha, "Mifuko ya udongo wa kile chumba iko kwenye rafu. Mbona hujaipima?"

"Mama Agri, please," akasema, macho kwenye kompyuta. "Committee wameshasoma hiyo chapter. Hakuna mtu ameuliza."

"Mimi nimeuliza."

"Na nikipima alafu nikose? Nita-defend nini? Nitamwambia nini mama?"

 Angekuwa mwanafunzi mwingine ningempelekea mifuko mezani na kusimama juu yake. Huyu nilimwona kama mwanangu, na kwa mwanao unaogopa. Nilirudi kwenye vigae vyangu nikiwa na hasira, na hasira yenyewe sijui ilikuwa ya nani.

Jumamosi iliyofuata tukaenda Houston kupimwa nguo, maana na mimi nilikuwa nimehesabiwa kwenye sare. Mama Furaha alitupokea kwa chakula kabla ya salamu kwisha. Pale mlangoni akanipa ndala. "Usitembee miguu mitupu, mama. Huku kuko pini mingi." Nikavaa, akanipima kifua na mikono, akaniambia nimenenepa.

Kando ya cherehani palikuwa na gunia la vipande vya nguo. Jirani yake wa ukuta wa pili anatengeneza viti na mito, na vipande vyote vya Mama Furaha huenda kwake kujazia mito. Tangu akiwa sekondari, kazi ya kupeleka gunia ilikuwa ya Furaha. Akalibeba, akatoka. Akakawia. Mama yake akaniambia nikamwite, chakula kinapoa.

Nilimkuta amesimama mlangoni kwa jirani, gunia bado begani. Chumba kizima kilikuwa vitambaa: vitenge, hariri, jinzi, mabaki ya rangi zote yamejaa hadi usawa wa goti. Katikati yake mtoto wa jirani, ambaye hata kutembea alikuwa hajajua vizuri, alikuwa akitambaa na kujiviringisha, miguu mitupu. Baba yake anapiga misumari kwenye kiti wala hana wasiwasi naye. Furaha alikuwa akiitazama ile miguu ya mtoto. Nikatazama alipotazama, nikaelewa.

Tukashika njia ya kurudi Dallas. Tulisimama kujaza mafuta, akanunua kahawa, hakuinywa. Tulipokuwa tumeshaipita nusu ya safari ndipo akasema, "Kwa mama hakuna mtoto anaweza kutambaa."

"Hawezi," nikasema.

"Kwa jirani kumejaa nguo za mama, but hakuna pini hata moja."

"Hakuna."

"Kesho nitapima."

Tulipima pamoja. Niliosha mimi, sumaku akashika yeye. Mraba wa kwanza ulitoa mchanga wa asili tu. Wa pili hivyo hivyo. Kwenye pembe moja alipata vitu vya kung'aa, akaviweka chini ya hadubini, na vilikuwa kutu iliyobanduka kwenye msumari. Tulimaliza mifuko yote ya chumba kile. Akaanza upya, maana labda alikosea. Hakukosea. Mhunzi hakuwahi kupiga nyundo katika chumba kile hata siku moja, na mabonge yote yalikuja kwa toroli kuinulia sakafu. Furaha aliweka sumaku mezani, akalaza kichwa juu ya mikono yake. Nilikaa naye. Niliumia sana, nawaambia kweli. Kuna dakika nilitamani ile mifuko ingekuwa imetupwa zamani.

Asubuhi aliandika kwa wasimamizi kuitoa sura ile na kuahirisha utetezi. Hakuna aliyemlazimisha. Mmoja wao alimshauri abadilishe maneno machache tu, aseme "huenda". Alikataa. Chuo cha Houston kilimjibu kwa upole kwamba hakiwezi kungoja.

Mama yake alinipigia simu mara moja tu, akasema, "Nimesikia," akakata. Jambo kama hilo halimalizwi kwa simu. Nikaendesha mwenyewe hadi Alief.

Safari hii hakunipa chakula. Sare zote zilikuwa zimetundikwa ukutani, zimekwisha, na yangu ikiwemo. Akaendelea kushona suruali ya mtu huku akinisemesha bila kunitazama.

"Batu ya kanisa banajua tarehe. Kazi ya Houston imeenda. Furaha amenielezea, lakini anaelezea na Kingereza, sijasikia bien. Anasema ni juu ya mutu mumoja wa zamani, alifua chuma ao hakufua. Mutu alishakufa. Donc, mama, niko nakuuliza. Weye ni muzazi. Huyu mutu angekuwa mu nyumba, angeumiza nani?"

Hilo ndilo swali gumu kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu kazi yangu, na nimeulizwa na maprofesa. Nilijua nikianza kusema habari ya uchumi wa miji ya Kirumi atanifukuza, na atakuwa na haki. Nikaomba tu mfuko wa plastiki. Nikatoa sumaku mkobani, nikaivalisha, nikapiga magoti pale chini ya cherehani na kuipitisha kwenye nyufa za sakafu. Ikaja na pini, sindano zilizovunjika, ncha za sindano, nyingine zimeshika kutu. Nikazidondosha kwenye kiganja chake.

"Hizi za nani?"

"Zangu. Kuko ya zamani hapa. Hii ya namna hii siipati tena."

"Unafagia?"

"Kila siku nafagia."

"Nikienda kwa jirani yako, nitapata?"

"Kwa jirani utapata vitambaa. Pini hapana."

"Sasa siku moja haya maduka yote yameanguka. Mtu anachimba, anakuta vitambaa vyako vimejaa kwa jirani. Anaandika kitabu, anasema fundi wa nguo zile alikuwa ni yule wa viti. Na mtoto wako ndiye anayeandika."

Akazima cherehani. "Iko bongo," akasema, maana kwao bongo ni uongo. "Fundi niko mimi."

"Ndicho alichokataa Furaha."

 Alizigeuzageuza zile sindano kiganjani kwa kidole, moja moja. Mteja akafungua mlango, akamwambia arudi baadaye. Nilikuwa bado niko chini, magoti yananiuma, lakini sikuinuka.

"Kule Uvira nilikuwa nashonea mu salon, pale mbele," akasema mwishowe. Salon kwao ni sebule, na ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akiitaja nyumba yao ya Uvira. "Tulikimbia, nikaacha mashine na nguo za batu. Sasa kuko batu ingine mule. Banasema nyumba ni yabo tangu zamani, kama sisi hatukuko kamwe. Hata majirani balishakubali." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Sindano zangu, ziko mule?"

Nilitaka kumjibu upesi, kumfariji, lakini katika kazi hii hatujibu hivyo. Nikamuuliza sakafu ilikuwa ya nini.

"Simenti. Ilikuwa imepasuka-pasuka karibu na dirisha. Pale njo nilikuwa nakaa."

"Wameibomoa sakafu?"

"Hapana. Wametia rangi ukuta tu. Picha niliona."

"Basi zimo," nikasema. "Wafagie watakavyofagia, zimo."

Akafunga kiganja. Alilia bila sauti, na mimi nikalia naye, tukiwa wawili pale chini ya zile sare. Kisha akajifuta kwa upindo wa ile suruali ya mteja, akaziweka sindano zake kwenye kopo la vifungo, akasimama akaanza kuteremsha sare moja moja na kuzikunja.

"Ambia Furaha achukue wakati wake," akasema. "Nguo itangoja. Asiandike mutu mu nyumba yenye haikuwa yake."